Mmefika Korea, Garissa Mnaogopa Nini?

Kuna picha yangu moja mmeipenda sana. Niko na shuka nyekundu ya Kimaasai, shanga shingoni, fimbo mkononi, nimeruka juu kama mtu amekanyaga makaa. Nyuma yangu kuna bango la Kikorea na bendera ya Kenya. Binamu zangu mpaka wale wa Minnesota wameisambaza. "Balozi wetu!" "Unatuwakilisha vizuri!"

Sasa wacha niwaambie ukweli wa hiyo picha. Mimi ni Msomali wa Garissa, nimelelewa Bulla Iftin. Hiyo shuka nilivaa mara ya kwanza maishani kwenye choo cha ukumbi fulani Korea Kusini, dakika kumi kabla ya kuitwa jukwaani. Kuruka nilifundishwa siku hiyohiyo na msee wa Narok, ambaye alikuwa anacheka mpaka machozi. Hamkuona video juu niliwaomba waifute.

Hiyo ilikuwa "usiku wa utamaduni". Safari yenyewe iliitwa ya utamaduni na kujitolea, wanafunzi ishirini kutoka vyuo tofauti vya Kenya, siku kumi na mbili, Novemba iliyopita. Sitaitaja klabu wala waandalizi kwa jina, na msinitumie ujumbe kuniuliza. Ukiwajua, unawajua. Sina vita na mtu. Niko na vita na mawazo.

Kutoka Kaskazini Mashariki tulikuwa wawili tu, mimi na dada mmoja wa Mandera. Tulipoambiwa kila mtu ataonyesha kitu cha kwao, sisi wawili tulijipanga. Tukaomba dakika tatu tu za dhaanto. Ngoma iko, mwendo uko, mashairi yako, hakuna mtu hapa Garissa amewahi kwenda arusi bila kuiona. Mwandalizi akatuangalia, akasema kwa upole kabisa, kama daktari anayempa mtu habari mbaya: "Hiyo ni ya Somalia. Hapa tunaonyesha ya Kenya."

Kisha akatupatia shuka.

Nimefikiria hiyo sentensi miezi yote hii. Hakuwa mtu mbaya. Alitununulia chakula cha halali kwa pesa yake tuliposhindwa kula, juu kwa ile hosteli hata supu ya tambi ilikuwa na nguruwe. Lakini nililelewa na kitambulisho cha Kenya kama zawadi ya vita. Msasa, kamati ya wazee, barua ya chifu, rudi kesho, babu yako alizaliwa wapi, lete cheti cha babu. Wale watu wa Nyeri na Kisumu waliingia ofisini wakatoka. Sisi tuliingia tukaulizwa kama kweli ni sisi. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba huo msasa wa ziada umekwisha, na sawa, tulishangilia. Mimi changu nilikuwa nimeshapata, kwa jasho. Halafu nifike zaidi ya kilomita elfu tisa kutoka nyumbani, Mkenya mwenzangu anipige msasa wa ngoma!

Sasa kwa hiyo kazi ya kujitolea. Ilikuwa kimjang, yaani ule msimu wa kutengeneza kimchi ya baridi, wanatengeneza nyingi kwa pamoja halafu nyingine wanagawia wazee na maskini wa mtaa. Kitu kizuri sana. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya turathi mwaka 2013. Tulivalishwa glavu nyekundu za mpira mpaka kwenye kiwiko, tukapewa kabeji zilizolala kwenye chumvi, tukaambiwa tupake pilipili jani kwa jani. Nimesema tulijitolea? Manze, tulikuwa mzigo. Halmoni mmoja, yaani nyanya kwa Kikorea, alikuwa anamaliza kabeji tano wakati mimi nashindana na moja. Alikuwa anakuja kimyakimya nyuma yangu kurudia kazi yangu. Lakini jioni ripoti ikaandikwa: wanafunzi wa Kenya wamesaidia jamii. Picha zikapigwa kama mia nne.

Mwaka 2023, mvua za El Niño zilipojaza Tana, barabara ya Garissa kwenda Madogo ilimezwa na maji. Watu walivushwa kwa boti, magari yamepanga foleni kila upande. Familia za kando ya mto zilihamia kwenye mahema. Wanafunzi wa huku walibeba magodoro ya watu vichwani, bila glavu, bila bango. Mimi nilikuwepo. Sikuona hata jaketi moja ya klabu yetu. Na Aprili 2024 ikajirudia, na mara hii boti ikazama pale upande wa Mororo, watu wakafa. Hapo ndipo ningependa kuona bendera na bango.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Kwa hivyo unasema tusisafiri?" Hapana! Soma vizuri. Wazee wengine hapa mjini walimwambia hooyo hivyohivyo: kwani Korea kuna ukame gani, mtoto wako anaenda kumsaidia nani? Hilo swali linanikera zaidi hata ya shuka. Mzungu akitoka kwao kuja kupaka rangi darasa moja hapa, tunamchinjia mbuzi. Mkorea akija kujitolea ni mfadhili. Kijana wa Garissa akitoka kwenda kuona dunia, anaulizwa kama kazi za nyumbani zimeisha. Hooyo aliuza mbuzi watano ili nilipe sehemu yangu, na singetaka arudishiwe hata kwato. Nendeni. Mimi nikipata nafasi ningeenda tena kesho.

Shida yangu ni ile siku ya saba.

Siku ya saba tulipanda treni mpaka Gwangju. Nusu ya kundi ilifurahi juu J-Hope wa BTS ametoka huko. Mimi sikuwa najua chochote. Tukapelekwa makaburi ya kitaifa ya Mei 18. Milima nyuma, nyasi zimekatwa vizuri, na mistari ya makaburi, kila moja na picha ya uso. Wengine ni watoto wa umri wetu na chini yetu. Mwelekezi, mama mmoja wa makamo, akatueleza: Mei 1980, jenerali Chun Doo-hwan amepanua sheria ya kijeshi nchi nzima, wanafunzi wa Gwangju wakaandamana, askari wa miavuli wakatumwa, wakapiga na kuua watu barabarani. Mji ukainuka. Kwa siku kadhaa watu wenyewe waliuendesha mji, na wamama wa sokoni walikuwa wanafinyanga mipira ya wali na kuwagawia vijana bure. Alfajiri ya Mei 27 jeshi likarudi na vifaru likamaliza.

Kwa miaka serikali iliita hayo fujo za wahuni na wakomunisti. Wamama wa waliokufa walikataa kunyamaza. Mwaka 1996 Chun alihukumiwa mahakamani, ingawa baadaye alisamehewa. 1997 Mei 18 ikawa siku ya kumbukumbu ya kitaifa. Katikati ya mji kuna jengo linaitwa Jeonil Building 245, na hiyo 245 ni hesabu ya alama za risasi ambazo wataalamu walizitambua, na kwa sadfa ndiyo namba ya anwani yake. Risasi hazikuzibwa kwa simiti. Watoto wa shule wanapelekwa hapo, wanahesabu matundu. Han Kang, yule mwandishi wa Nobel ya 2024, ni mzaliwa wa mji huo na ameandika kitabu kizima kuhusu hayo mauaji.

Na Desemba 3, 2024, rais wao Yoon Suk Yeol alipotangaza tena sheria ya kijeshi usiku, watu walikimbilia bunge na nguo za kulalia, wabunge wakaruka ukuta, kufikia alfajiri ilikuwa imefutwa. Unadhani walijuaje la kufanya? Walifundishwa shuleni mwisho wake unakuwaje.

Basi yule mama mwelekezi akatugeukia, akauliza kwa Kiingereza cha pole: kwenu kuna mahali kama hapa?

Kiongozi wetu akajibu haraka. Akasema Kenya ni nchi ya amani, sisi ni kisiwa cha utulivu, tatizo letu ni ugaidi tu. Halafu akanishika bega. "Huyu anatoka Garissa." Yule mama akainama kidogo, akashika mikono yangu miwili. Alikuwa anajua. Aprili 2, 2015, chuo kikuu, watu 148. Dunia nzima inajua. Nami naheshimu hao wafu, wengi wao walitoka mbali kuja kusoma kwetu, na kila Aprili nawaombea.

Lakini mwaka ule alikuwa anatuonyesha ni 1980. Na mimi 1980 yetu naijua, juu ayeeyo ameniambia.

Novemba 1980. Maofisa wa serikali waliuawa mjini Garissa, na jibu la serikali likawa kuadhibu mji mzima. Bulla Kartasi ikachomwa. Watu wakatolewa manyumbani, wakafungiwa kwenye uwanja wa Garissa Primary kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wanaume, wanawake, watoto. Wengine walipigwa risasi. Ni wangapi walikufa, hesabu inabishaniwa mpaka leo kwa sababu hakuna aliyehangaika kuhesabu wakati huo. Huku tunaita Garissa Gubay, kuchomwa kwa Garissa. Gwangju ni Mei, sisi ni Novemba, mwaka mmoja. Ayeeyo alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Anasema kitu kimoja tu kila mara, kwamba jua lilikuwa linahama na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuhama nalo kutafuta kivuli.

Mimi nimecheza mpira kwenye huo uwanja nikiwa mdogo. Mashindano ya shule, namba saba mgongoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Hakuna mtihani uliowahi kuniuliza. Nimesoma shule za Kenya miaka yote, nikajua vita vya Maji Maji, nikajua Bismarck, nikachora mpaka ramani ya mkutano wa Berlin. Ilibidi nipitie Nairobi, Doha na Incheon ndipo nisimame mbele ya makaburi ya watu wengine nigundue kwamba kitu kama hiki kinaweza kufundishwa mchana, kwa sauti, na serikali ikalipia nyasi.

Nilitaka kumwambia yule mama. Kiongozi wetu alikuwa ameshasonga mbele, ati basi linangoja. Nikanyamaza. Hicho ndicho kitu ninachojutia safari nzima.

Kwenye basi nilimweleza kiongozi. Akasema mambo mawili, nami nimeamua kuyajibu hapa juu siku ile nilikosa maneno.

La kwanza: "Tusifukue makaburi." Bro, makaburi yapi? Tungekuwa na makaburi tungejua pa kwenda. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza watu wa huku, ikaandika, ikamkabidhi Rais Uhuru ripoti Mei 2013. Bulla Kartasi imo. Wagalla imo, ile ya Wajir, Februari 1984. Machi 26, 2015 Uhuru akaomba radhi bungeni kwa dhuluma za zamani na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Wiki moja baadaye ikawa Aprili 2, na tangu siku hiyo mtu akisikia Garissa anasikia jambo moja. Ayeeyo hajawahi kuona hata shilingi ya huo mfuko. Kwa hivyo hakuna anayefukua. Yameandikwa na serikali yenyewe, yako kwenye karatasi.

La pili alisema: "Korea ni matajiri ndiyo maana wanaweza." Na akaongeza ule wimbo wa kila mwanasiasa, kwamba mwaka 1963 Kenya na Korea tulikuwa sawa, sasa waone wako wapi. Hata kwenye hotuba ya kutuaga tuliusikia.

Mimi naomba kuuliza: Kenya gani hiyo ilikuwa sawa? Bendera ilipanda Desemba 12, 1963. Desemba 28, siku kumi na sita tu baadaye, Kaskazini Mashariki ikawekwa chini ya hali ya hatari. Desemba hiyohiyo Wakorea walikuwa wanapeleka kundi lao la kwanza la wachimba migodi Ujerumani Magharibi kutafuta hela, kama vile dada zetu wanavyoenda Ghuba leo. Walikuwa wamechoka, ndiyo, vita vyao vilikuwa vimesimama miaka kumi tu nyuma. Lakini 1965 serikali yetu ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10, ikasema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa haraka, penye mvua na ardhi nzuri. Soma tena: penye mvua. Sisi hapo tukatolewa kwenye hesabu kwa kalamu. Sheria za hali ya hatari huku ziliondolewa 1991. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akisema "tulianza pamoja na Korea", mimi namwangalia tu. Sisi tulikuwa tunaomba ruhusa ya kutembea.

Na hata utajiri hauhitajiki kwa hili. Jiwe moja lenye maandishi pembeni ya uwanja ni bei ya tiketi yetu moja ya ndege, na chenji ya chai inabaki.

Tuliporudi nilifanya kitu. Niliandikia klabu ombi: safari ijayo, kabla ya kwenda popote, kundi lije Garissa siku tatu. Ni kama kilomita 370 kutoka Nairobi, lami, basi linatoka Eastleigh asubuhi na mchana uko huku. Waone uwanja, wakae na wazee, wacheze dhaanto na sisi, wale nyama ya ngamia, wasaidie kama kuna cha kusaidia. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Mstari mmoja. "Kwa sababu za usalama, haiwezekani kwa sasa."

Usalama! Wasee, siku ya tatu ya safari yetu mlitupeleka wapi? Mpaka wa Korea Kaskazini. Kama kilomita 50 tu kutoka Seoul, seng'enge, mabomu ya ardhini, darubini za kuangalia upande wa adui. Hizo nchi mbili hazijawahi kusaini amani, ni kusimamisha mapigano tu tangu Julai 1953. Na tulinunua chokoleti pale! Tulipiga picha na sanamu! Hakuna aliyeuliza bima. Mpaka wa vita wa watu wengine ni utalii, mji wa Wakenya wenzenu ni hatari.

Sidanganyi mtu. Al-Shabaab wapo, kuna barabara za mpakani ambazo hata mimi sipiti, na polisi na walimu na wafanyakazi wa migodi wameuawa sehemu za huku. Lakini mpaka uko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini. Mjini kuna chuo kikuu kilichofunguliwa tena Januari 2016 na kina wanafunzi mpaka leo, kuna soko la mifugo ambalo wafanyabiashara wa nyama wa Nairobi wanalijua njia bila ramani, kuna watoto wanaenda shule saa moja asubuhi. Mfanyabiashara wa mbuzi anakuja kila wiki. Mwanafunzi wa "uhusiano wa kimataifa" ndiye anaogopa.

Na hapa ndipo naona kiini cha jambo. Safari hizi zimetengenezwa ili Mkenya aonekane na wageni, si ili Wakenya waonane. Ndiyo maana wanataka ngoma moja, shuka moja, nchi moja isiyo na kidonda. Mwelekezi wa Gwangju alituamini na aibu kubwa kuliko zote za nchi yake. Sisi tukampa kuruka.

Dada wa Mandera, kwa taarifa yenu, alikataa shuka. Alikaa kiti cha nyuma na buibui yake mpaka mwisho na hakuna kitu alifanywa. Mimi niliogopa kukosa cheti. Kwa hivyo mkipenda ile picha, mjue mnapenda uoga wangu pia.

Niliporudi nilimpelekea ayeeyo zawadi, kopo dogo la chai ya shayiri, hakuipenda. Lakini nilimwonyesha kwenye simu picha za wale wamama wa soko la Gwangju na mipira ya wali. Aliuliza kama askari hawakuwapiga. Nikasema waliendelea tu kupika. Akakaa kimya, akachukua simu yenyewe mkononi, kitu hafanyi, akakuza picha na vidole kama vile ananiona mimi nafanya. Kisha akaanza kunitajia majina. Majina ya watu wa uwanjani, mmoja baada ya mwingine, mtoto wa fulani, mke wa fulani, yule aliyekuwa anauza maziwa. Nilikuwa sijawahi kuyasikia. Niliandika ishirini na tatu kabla adhana ya magharibi haijaadhiniwa.

Hayo majina nitayasoma kwa sauti Novemba hii, Ijumaa ya pili, baada ya swala ya alasiri, nje ya ukuta wa uwanja. Sijaomba ufadhili na hakuna bango. Kama una nyanya au babu aliyekuwepo, mlete na kiti. Na wale kumi na wanane wenzangu wa Korea, ninyi ndio nawaandikia hasa: basi la kwanza Eastleigh linajaa mapema, kateni tiketi siku moja kabla. Bebeni vitambulisho. Pale daraja la Tana mtashushwa wote mpigwe foleni kwenye jua, mkaguliwe, mpande tena. Mimi nitakuwa upande wa pili na maji baridi.